Siku Kumi za Meja

Machi 3

Daktari wa Musoma ni kijana mwenye adabu. Mwanangu Fredy alipomuuliza nirudi lini kupima moyo tena, alijibu kwamba nije wakati wowote nikijisikia vibaya, nisisubiri tarehe. Nilikuwa bwana mifugo kwa miaka thelathini na miwili. Mtaalamu anapoacha kuandika tarehe, najua anamaanisha nini.

Kwa hiyo nimenunua daftari hili. Nataka kuandika masika haya hadi yaishe, au hadi niishe mimi.

Leo nimeshindwa kumsafisha Meja meno. Mkono umetetemeka, mswaki ukamgonga ufizi, naye akanitazama bila kunung'unika. Ana miaka saba na meno yake yote arobaini na mawili, meupe hadi magego ya nyuma. Sidhani kuna mbwa mwingine wa hivyo hapa Buswahili.

Machi 5

Nimemkabidhi Gloria kazi. Gloria ni mke wa Fredy. Yeye na watoto wanaishi hapa kwangu, Fredy anafanya kazi Bunda kwenye kiwanda cha kuchambua pamba na huja Jumamosi.

Nilikaa kwenye kiti, Meja kati ya magoti yangu. Gloria alisimama hatua tatu kutoka kwangu, kama mwanamke wa kwao anavyosimama mbele ya baba mkwe. Nikamwonyesha. Hufungui taya, unainua tu mdomo wa juu kwa kidole gumba. Unaanza na magego ya juu, upande wa shavu, maana hapo ndipo ukoga huanzia. Mswaki uwe laini, wa mtoto, unauinamisha kuelekea kwenye ufizi na kuuzungusha taratibu. Upande wa ndani ulimi wake utasaidia. Dawa ya meno ya watu hapana, mbwa hajui kutema. Maji yaliyochemshwa yanatosha, au supu ya kuku isiyo na chumvi ili apende. Ukoga ukiachwa, siku chache tu unakuwa mgumu kama chokaa, na hapo mswaki hauna kazi tena.

Alisikiliza akitazama chini. Nikamuuliza kama ameelewa. Ndiyo, baba. Ataweza kila asubuhi? Ndiyo, baba.

Machi 6

Mvua tangu alfajiri. Gloria amesafisha. Mswaki upo dirishani, nimeugusa, umelowa.

Machi 7

Mvua. Gloria amesafisha.

Machi 9

Gloria amesafisha. Fredy amekuja na kitenge cha mkewe na sukari. Alipouona mswaki wa Meja dirishani alicheka sana.

"Mzee, sisi wanao tulikuwa tunachokonoa na vijiti, leo mbwa ana mswaki wa dukani."

Nikamwambia wao walikuwa na akili ya kutema. Watoto wakacheka, hata Gloria kule jikoni nilimsikia. Nilijiona mtu mwenye nyumba.

Machi 15

Mvua ya mawe. Mahindi ya jirani yetu Emanuel yamelala yote. Mswaki umelowa.

Machi 24

Jumapili ya Matawi. Sikuweza kwenda kanisani, miguu imevimba. Gloria aliniletea tawi. Nimemuuliza habari za meno ya Meja, akasema ni mazuri. Macho yangu yana ukungu siku hizi, ya mbali nayaona, ya karibu hapana. Nimemshukuru. Nimeandika katika barua ninayomwachia Fredy kwamba mkewe ni mtu wa kuaminika kuliko wanangu wote wa kuzaa.

Machi 30

Gloria amesafisha.

Aprili 2

Meja ameacha ngozi kavu ya sangara. Hiyo ndiyo ninayompa atafune mahali pa mifupa, kwa sababu mifupa iliyopikwa huvunja meno. Aliichukua, akaigeuza upande mmoja wa mdomo, akaitema. Labda ilikuwa ya zamani.

Aprili 5

Anakula ugali kwa kuinamisha kichwa kushoto. Anadondosha mate. Nimemuuliza Gloria. Amesema ni baridi ya mvua.

Aprili 6

Nimemwambia Gloria kesho mchana, jua likitoka, nitamkagua Meja mwenyewe kwa tochi na lenzi ya Fredy ya kukuzia. Ndiyo, baba.

Aprili 7

Meja amemuuma Gloria.

Ilikuwa saa moja asubuhi. Nilisikia sauti ya mbwa ambayo sijaisikia kwa Meja hata siku moja, kisha Gloria akaingia uani ameshika mkono wa kulia, damu zinadondoka. Alisema alikuwa anampelekea chakula, Meja akamrukia bila sababu. Nikamwambia aweke mkono chini ya maji yanayomiminika, kwa sabuni, na nikamhesabia dakika kumi na tano kwa saa yangu. Alilia, lakini hakuuondoa. Emanuel akampeleka kituo cha afya kwa pikipiki, wakampiga sindano ya kwanza ya kichaa cha mbwa, atarudi kwa nyingine. Hilo limefanyika sawasawa, na ningelitaka hata kama mbwa angekuwa malaika.

Lakini niliuona mkono. Mbwa anayemrukia mtu humuuma mguu, au mkono juu ya kiganja. Gloria ana alama za meno kwenye vidole viwili, juu na chini, na kucha imepasuka. Hicho ni kidole kilichokuwa ndani ya mdomo.

Fredy amefika saa saba kutoka Bunda, pamoja na mtendaji wa kijiji, Alfonce. Watu kumi hivi walisimama getini. Mbwa anadondosha mate, uso umevimba, hali vizuri, ameuma mtu wa nyumbani. Wote walikuwa na jina moja tu la ugonjwa huo. Niliomba nimtazame. Nilikaribia hadi hatua nne, nikaona uvimbe chini ya jicho la kulia, mviringo kama kokwa la embe. Nikawaambia ni jino. Gego kubwa la juu likioza, usaha hupanda na kutokea pale chini ya jicho. Alfonce alinisikiliza kwa heshima, kama mtu anavyomsikiliza mzee anayempenda mbwa wake.

Basi nikawapa utaratibu, maana utaratibu hauna mapenzi. Mbwa aliyeuma afungwe mnyororo, asiguswe, apewe maji na chakula kwa mti mrefu, atazamwe siku kumi. Mwenye kichaa hafiki siku ya kumi akiwa hai. Akifika, ni mzima, na hapo nitamleta daktari wa mifugo kutoka Musoma amng'oe jino.

Alfonce akamtazama Fredy. Fredy akanitazama mimi.

"Siku kumi utazipata, mzee. Mimi mwenyewe nitakaa hapa. Nimeomba ruhusa kazini."

Aprili 8

Siku ya kwanza. Amekunywa maji. Nimewaambia wote waone: anakunywa maji.

Aprili 9

Siku ya pili. Amekula uji. Mvua kubwa, amelala chini ya ukingo wa bati.

Aprili 10

Siku ya tatu. Uji, maji. Gloria amepigwa sindano ya pili. Hapiti upande wa nyuma, wala mbele ya mlango wangu. Chai ananiletea mtoto.

Aprili 11

Siku ya nne. Nilimwita jina, akapiga mkia chini mara tatu. Mbwa mwenye kichaa siku ya nne hamjui bwana wake. Fredy alikuwepo, aliona.

Aprili 12

Siku ya tano. Wanawake wa kisimani wamemwambia Gloria asichote maji pamoja nao. Jioni Fredy ndiye aliyekwenda kuchota.

Aprili 13

Siku ya sita. Uji, maji. Sikulala. Siku ya sita ina jambo lake kwangu, nitaliandika nikipata nguvu.

Aprili 14

Siku ya saba. Uvimbe umepasuka, usaha umetoka chini ya jicho. Anakula vizuri zaidi. Nilimwita Fredy, nikamwonyesha kwa fimbo: unaona, ni jino. Akasema, "Naona, mzee." Alisema hivyo. Naona.

Aprili 15

Siku ya nane.

Fredy aliniamsha mapema. Amepata gari la rafiki yake, twende Musoma nikapime presha, miguu yangu inamtisha. Nilimuuliza nani atampa Meja uji. Emanuel, akasema.

Daktari alinitazama dakika kumi, dawa zilezile. Nilitaka kurudi. Fredy akasema mbona haraka, hatujawahi kukaa hivi. Akanipeleka kula sato karibu na ziwa, akanitolea miiba mwenyewe kwa vidole, kama nilivyokuwa nikimtolea alipokuwa mdogo. Aliniuliza habari za mama yake tulivyokutana. Akanunua soda ya pili. Tulikaa hadi saa tisa, na nilifikiri, kumbe mtoto huyu ananipenda. Nilifurahi. Hilo ndilo siwezi kumsamehe, kwamba alinifanya nifurahi.

Tulipofika, mnyororo ulikuwa umelala kwenye matope. Emanuel na mwenzake walimaliza kazi kwa rungu saa nne asubuhi, saa ambayo daktari alikuwa ananifunga mpira mkononi.

Fredy hakushuka garini mara moja. Nilisimama dirishani kwake.

"Zilibaki mbili," nikamwambia.

"Mzee, yule ni mke wangu. Nina watoto watatu uani. Ungekuwa umekosea je?"

"Jana ulisema unaona."

"Nilisema hivyo ulale."

Aprili 16

Sina la kuandika.

Aprili 17

Ingekuwa siku ya kumi.

Gloria alikuja mlangoni baada ya chakula cha mchana. Hakuingia. Alisema akitazama ukuta.

"Baba, mimi sikuwahi kumsafisha."

Nikamuuliza tangu lini.

"Siku ya kwanza nilijaribu. Ya pili nikashindwa."

"Mswaki ulikuwa unalowa."

"Nilikuwaga naulowesha."

Kila asubuhi, siku thelathini na moja, alichovya mswaki kwenye ndoo na kuurudisha dirishani, kwa sababu alijua nitaugusa. Wanawake kisimani walikwisha kumwita mama Meja. Kwao mkono unaosonga ugali hauingii mdomoni mwa mbwa. Niliposema nitakagua kwa tochi, aliingiwa na hofu, akaenda kusugua kwa siku moja uchafu wa mwezi mzima, juu ya jino lililooza. Meja alivumilia kwanza, alisema. Mara ya tatu ndipo akauma.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia tu hapana. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe alinitazama usoni.

"Wewe ni mkwe wangu. Hapana ningeanzia wapi?"

Na siku zile nane, watu wakisema kichaa, kwa nini alinyamaza? Hilo sikumuuliza, kwa sababu jibu ninalo mwenyewe tangu mwaka 1987.

Aprili 20

Nimekaa siku tatu na kalamu. Mvua imenipa kisingizio, leo imekatika.

Mwaka 1987 nilikuwa bwana mifugo upande wa Buhemba. Mfugaji mmoja, Ryoba, mtu wa rika langu, alikuwa na ng'ombe thelathini na mmoja na mbwa wanne. Mbwa hao walikuwa ukuta wake, maana miaka ile wezi wa ng'ombe walikuja na mishale. Mwezi wa saba mbwa wake mkubwa alimuuma jirani. Alikuwa anadondosha mate na uso umevimba. Nikamwambia Ryoba amfunge, tumtazame siku kumi. Aliniuliza kama ni ahadi. Nikasema ni ahadi ya serikali.

Siku ya sita nilimpa mbwa yule nyama yenye sumu. Ryoba alikuwa ameenda joshoni kuwaogesha ng'ombe dawa ya kupe. Gari la wilaya lilikuwa linaondoka siku hiyo kwenda Musoma, na Jumapili Fredy, kitinda mimba wangu, alikuwa anabatizwa Nyegina, karibu na Musoma. Nilikuwa nawahi ubatizo.

Alipokufa nilimfungua mdomo. Ilikuwa mazoea tu. Gego la juu la kulia lilikuwa limeoza hadi kwenye mfupa, limezungukwa na ukoga wa kahawia. Niliufunga mdomo ule kwa mkono wangu. Kisha nikaandika kwenye kitabu: kichaa cha mbwa. Na kwa kuwa nilikwisha kuandika hivyo, utaratibu ukataka mbwa wengine watatu wa boma lile wafe pia. Nikawaua.

Mwezi wa tisa wezi waliingia bomani kwa Ryoba na hakuna kilichobweka. Walichukua ng'ombe wote. Burito, mdogo wake, aliwafuata, akapigwa mshale wa shingo, akafa kabla hawajamfikisha barabarani. Mke wake alikuwa na mimba.

Watu hapa husema Mzee Leonardi amesoma sana, ndiyo maana mbwa wake wanapigwa mswaki. Si usomi. Tangu mwaka ule sijafuga mbwa bila kumsafisha meno kila asubuhi, na nimekwisha kufuga sita. Kwa padri nilitubu. Nilisema nilidanganya kazini. Hakuuliza zaidi, nami sikuongeza.

Aprili 22

Fredy amerudi Bunda. Aliaga kutoka nje.

Aprili 25

Nimemuuliza Gloria kama anaweza kwenda Buhemba kumtafuta mzee anayeitwa Ryoba. Nimemwambia anaweza kukataa. Alifikiri kwanza. Kisha akasema ataenda.

Aprili 28

Ryoba amekuja, na Fredy alikuwepo kwa kuwa nilimwita naye. Ryoba ana fimbo kama mimi, lakini anatembea vizuri kuliko mimi. Alikataa chai. Nilimweleza yote kama nilivyoandika hapo juu. Fredy alikaa kwenye kigoda, hakuinua kichwa. Nilipotaja ubatizo aliinua.

Nilipomaliza, Ryoba alijifuta mdomo kwa kiganja.

"Nilimfukua kesho yake, Bwana Mifugo. Nilikuwa nataka kuona kichaa kinakaaga wapi ndani ya mbwa. Nikaona jino."

Nikasogea mbele ya kiti.

"Ulijua? Miaka hii yote?"

"Ningemwambia nani? Kitabu kilikuwa chako. Sindano zilikuwa zako. Nilipopata ndama tena nililetaga kwako joshoni kila mwaka, nakusalimia, nakutazama. Nasema moyoni, labda leo."

Fredy akauliza polepole kama sasa amesamehe. Ryoba alimgeukia.

"Wewe ndiye uliyebatizwa?"

"Ndiyo, mzee."

"Sijaja kusamehe. Nimekuja kusikia. Burito aliacha binti, anaitwa Petronila. Yeye anaambiwa hadi leo kwamba babake alikufa kwa sababu mimi nilificha mbwa wenye kichaa hadi wakauawa wote, boma likabaki bila mlinzi. Baba yako atakwenda kumwambia yeye."

Mei 2

Barabara ya Buhemba imekatwa na maji. Tunangoja. Pumzi ni fupi.

Fredy ameomba ruhusa tena kazini. Hatuzungumzi. Ananiogesha.

Mei 6

Tumekwenda jana. Fredy alinibeba kutoka kwenye gari hadi ndani. Nilimwambia abaki, akae, asikie tena.

Petronila ana miaka thelathini na sita. Ni mwalimu wa shule ya msingi, ana uso wa Burito, hasa kidevu. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotazamia, Ryoba aliwaita ukoo wote. Nilisema nikiwa nimeegemea ukuta. Nilisema jino, nilisema sumu, nilisema kitabu. Nilisema nilikuwa nawahi ubatizo wa mwanangu, huyu hapa.

Wazee waliguna. Mmoja alisema, ah, mtoto. Nilisikia upole ukiingia chumbani, ule wa watu wanaoanza kumwelewa mtu, na nikiri kwamba niliupenda.

Petronila hakuguna. Aliuliza kama mwalimu anavyouliza, bila hasira.

"Ubatizo ulikuwa Jumapili. Gari la wilaya liliondoka siku gani?"

"Jumanne."

"Na siku ya kumi ya mbwa ingekuwa lini?"

"Jumamosi asubuhi."

"Jumamosi hapakuwa na gari lolote la kwenda Musoma?"

Fredy alikuwa ananitazama. Ningeweza kusema sikumbuki. Nina miaka themanini na mmoja, wangekubali.

"Lilikuwepo," nikasema. "Lori la pamba, saa sita mchana. Dereva alikuwa ameniwekea nafasi."

"Mbona hukulingoja?"

"Nilikuwa nimeshona suti mpya. Sikutaka ishike vumbi la pamba."